Futa Kesho

Mmenisumbua tangu nistaafu. Kila tukikutana Waswahili Jumapili pale ukumbini Alby, nje kidogo ya Stockholm, lazima mmoja wenu aniulize: mzee, hebu andika, ulifanya nini miaka yote ile kwenye kompyuta? Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, kwanza havikuwa vingi, halafu kimoja nilipewa kwa sababu mwenyewe alikuwa likizo. Nitawaeleza kazi yenyewe, aliyenifundisha, na kosa langu moja lililokaa miaka kumi na moja mbele ya macho yangu huku nikipishana nalo bila hata kulisalimia.

Kwa mliojiunga juzi: naitwa Idrisa, mtu wa Tabora. Nilikuja Stockholm kijana, kwa mafunzo ya mwaka mmoja, na mwaka huo haujaisha mpaka leo. Kampuni iliyoniajiri ilitengeneza programu za maabara za hospitali. Damu ikitolewa, programu yetu ndiyo inayojua ni ya nani, imefika wapi, na majibu yake ni yapi. Mimi sikuandika programu hizo, walikuwepo wenye akili ya kazi hiyo. Mimi nilikuwa mtu wa kuzisakinisha, yaani kuhakikisha kilichoandikwa ofisini kinafika kwenye kompyuta ya maabara na kinafanya kazi. Nyinyi mnasema kuinstoli. Mke wangu Zuhura husema nilikuwa tarishi wa vitu visivyoshikika.

Siku ya kwanza kazini, saa tatu na nusu asubuhi, watu wote waliacha kazi zao wakaelekea jikoni. Nikadhani kuna msiba. Kumbe ni kahawa. Mama mmoja wa makamo, jina lake Gunvor, akanisogezea sinia la mikate ya mdalasini. Nikasema hapana, asante, kwa adabu niliyofunzwa nyumbani: mgeni hukataa kwanza, mwenyeji hushikilia, mgeni hukataa tena kidogo, ndipo anakula kama mtu aliyelazimishwa. Gunvor akasema "sawa" na kulipeleka sinia kwa mwingine. Halikurudi. Nilikaa pale nikinywa kahawa tupu, njaa inanikata, nikiwatazama wenzangu wakilamba sukari vidoleni. Watu wa hapa wanakuuliza mara moja, na ukisema hapana wanakuamini. Lishikeni hilo, maana nililisahau siku niliyolihitaji kuliko zote.

Gunvor ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alinipa daftari la mraba akaniambia, "Andika kila unachokigusa. Ukiumwa sitaki kukupigia simu." Wakati huo programu zilisafiri kwenye diski. Tulizibeba mkobani, tukapanda treni, tukashuka kwenye mji wenye hospitali, tukaziingiza moja moja kwenye kompyuta ya maabara na kusubiri. Baridi yangu ya kwanza kuna mtu aliniambia kwamba theluji huharibu diski, nikazitia kwapani chini ya koti safari nzima. Nilipomkabidhi mama wa maabara, alizishika kwa ncha za vidole akauliza kwa nini zina joto. Nikamweleza. Akafungua dirisha.

Baadaye diski zikafa na likaja ghala. Ghala ni mahali kwenye mtandao ambapo msimbo wa programu za kampuni unakaa umefungwa, na vifurushi vya programu vinachukuliwa kutoka humo. Maghala mengine ya dunia yako wazi, yeyote anajichotea. La kwetu lilikuwa la faragha: kompyuta inayotaka kifurushi lazima ijitambulishe na ionyeshe ufunguo, ambao si chuma wala nini, ni mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Kompyuta ya maabara ikiuonyesha, ghala linafunguka, kifurushi kinashuka, kinasakinishwa, watu wanaendelea na damu zao.

Sasa ghala la faragha lina tabia moja iliyonitoa jasho. Ukija bila ufunguo, halikwambii "huruhusiwi". Linakwambia "haipo". Yaani linakataa hata kukiri kwamba kitu kipo, kama mama aliyejificha chumbani akamtuma mtoto mlangoni kusema mama hayupo. Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa hiyo. Maabara moja ya kaskazini iliambiwa kifurushi hakipo, na mimi nikakitafuta siku tatu. Nilimlaumu mwandishi wake. Nililaumu mtandao wa mkoa mzima. Siku ya tatu Gunvor akaja nyuma yangu na kikombe chake, akatazama skrini kwa muda wa kumeza funda moja, akasema, "Kipo. Wewe ndiye hutambuliki." Akaondoka na kikombe chake, nami nikaweka ufunguo, kifurushi kikashuka.

Tangu hapo nikajifanya mwalimu wa funguo. Kila mgeni aliyeingia idarani nilimkalisha na kumhubiria. Ufunguo wa kompyuta uwe wa kompyuta, wa mtu uwe wa mtu. Usichukue ufunguo wako binafsi ukauacha ndani ya faili ya usakinishaji, maana siku ukiondoka utaondoka nao. Kila ufunguo uwe na tarehe ya kufa. Nilikuwa nikiyasema haya nimeinua kidole, sauti nzito. Mkikutana na yeyote niliyemfundisha, atawaigizia kidole chenyewe.

Jambo la pili la kujua kuhusu mimi ni kwamba nilikuwa naandika maelezo ya kazi kwa Kiswahili. Ndani ya faili za usakinishaji mtu anaweza kuweka maneno ambayo kompyuta huyaruka, ni ya kusomwa na binadamu tu. Wenzangu waliyaandika kwa Kiswidi au Kiingereza. Mimi nilipokuwa peke yangu niliyaweka kwa Kiswahili, kwa raha zangu. "Hapa pana mdudu, pita taratibu," yaani pana kosa la programu. "Aliyeandika hii alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Ofisi nzima hakuna aliyeyasoma ila mimi, na nilijiona mjanja sana.

Basi ikaja ile siku ya kuamkia Midsommar, sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, siku ambayo Stockholm nzima inatoka mjini na hata simu zinalia zenyewe mpaka zichoke. Ilikuwa saa sita mchana. Gunvor alikwisha kustaafu, Henrik, mkubwa wetu mpya, alikwisha kwenda kwenye kijumba chake cha visiwani. Maabara zilihitaji kifurushi kipya kabla ya sikukuu, na ufunguo wao ulikuwa umekwisha muda. Kuomba ufunguo mpya wa maabara kulihitaji sahihi ya Henrik. Zuhura alikuwa ananisubiri na vikapu, tumealikwa. Nikachukua ufunguo wangu mwenyewe, wa jina langu, usio na tarehe ya kufa, nikaubandika ndani ya faili ambayo maabara zote huisoma. Juu yake nikaandika maneno mawili: FUTA KESHO. Kifurushi kikashuka kila mahali. Nikazima taa nikaenda zangu kula samaki wa siki.

Kesho yake ilikuwa Midsommar. Kesho kutwa ilikuwa Jumapili. Jumatatu nikaanza likizo ya wiki nne. Niliporudi nilikuwa nimesahau hata neno la siri la kompyuta yangu, sembuse hilo.

Wenzangu wakayaona yale maneno na kuyapa heshima isiyo kifani. Walijua kwamba maabara zote zinapita hapo, na kwamba pakiguswa zote zinasimama. Wakadhani Futa Kesho ni jina la kitu, kifaa fulani cha zamani chenye kazi nyeti. Tulipohama kutoka mtambo mmoja kwenda mwingine wakakihamisha kwa uangalifu, kama bibi harusi. Wakakifupisha kuwa FK. Wakakichorea kisanduku chekundu kwenye mchoro mkubwa wa ukutani, na chini yake: kisiguswe bila idhini. Mimi mwenyewe niliwahi kuuliza, kahawa mkononi, hii FK ni nini hasa. Nikajibiwa, "Kitu cha wakati wa Gunvor, hakuna anayekielewa." Nikatikisa kichwa kwa heshima, nikanywa kahawa yangu.

Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Kisha akaja Nabintu.

Nabintu alizaliwa Bukavu, akafika Sweden msichana wa shule na mama yake, akakulia kitongoji cha Hjulsta. Aliingia kwetu kwa miezi sita ya majaribio, na mwisho wa miezi hiyo kampuni inakuajiri moja kwa moja au inakupa mkono wa kwaheri. Alikuwa anaitaka kazi hiyo kwa moyo wote, hakuficha. Mama yake alikuwa amesafisha ofisi za watu miaka mingi, na Nabintu aliniambia siku ya kwanza, "Mama anasema niingie kwa mulango ya mbele na nibakie." Aliniita Papa. Nilifurahi mno, halafu nikaanza kumsahihisha Kiswahili. Watanzania mnatujua. Akisema "mulango" nasema "mlango". Akisema "haiko" nasema "haipo". Siku moja alinijibu, bila hasira, "Papa, ile mashini inanisikiaka vile niko." Nikacheka, na kesho yake nikamsahihisha tena.

Nilibakiza miezi mitatu nistaafu. Nabintu alikuwa amepewa kazi ya usafi wa faili za zamani, kazi ambayo hupewa mgeni kwa sababu hakuna mwenyeji anayeitaka. Asubuhi moja jikoni, mimi nikihangaika na mashine ya kahawa iliyokuwa imemeza kikombe, akanijia.

"Papa, nimeona kitu kwa ile faili ya maabara. Kuko ufunguo, na juu iliandikwa futa kesho. Ni ya zamani sana. Nifute?"

"Imeandikwa futa?"

"Ndiyo, Papa. Futa kesho."

"Sasa kama imeandikwa futa, unasubiri nini? Futa!"

Nilisema hivyo huku mkono umezama ndani ya mashine hadi kwenye kiwiko. Sikugeuka hata kumtazama. Ofisi nzima yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeweza kuyasoma yale maneno, na alikuja kuniuliza mimi, kwa heshima, kama binti anavyomwuliza mzazi. Akaenda akafuta.

Saa nne simu zikaanza. Maabara zote zilizotaka kusakinisha kifurushi cha asubuhi ile ziliambiwa haipo. Programu ikakwama katikati, nusu ya zamani nusu mpya, na wauguzi wakarudi kuandika sampuli kwa kalamu. Hakuna aliyedhurika, alhamdulillahi, lakini majibu ya watu yalichelewa mpaka alasiri, na anayesubiri jibu la damu anajua alasiri ni ndefu kiasi gani. Tulitengeneza ufunguo mpya wa maabara, safari hii wa halali, na kufika saa tisa kila kitu kikarudi.

Alhamisi Henrik akaitisha kikao. Tulikuwa watu tisa kuzunguka meza. Henrik ni mtu mpole, hapazi sauti, na ndiyo maana anatisha. Akauliza nani aliyefuta FK. Nabintu akasema ni yeye.

"Kwa idhini ya nani?"

Nabintu akanitazama. Akanitazama mara moja tu, kisha akatazama meza. "Niliona maneno yanasema ufutwe kesho yake," akasema kwa Kiswidi chake safi. "Ni Kiswahili."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ilinijia yote kwa mpigo: Midsommar, vikapu vya Zuhura, samaki wa siki. Nikaelewa ufunguo ni wa nani, na nikaelewa pia kwamba yule binti hakutaja jina langu kwa sababu kwao, kama kwetu, mtu hamwaniki mzee mbele za watu. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe.

Henrik akanigeukia. "Idrisa, wewe unaijua lugha hii. Ni kweli ndivyo inavyosema?"

Wanangu, nitawaandikia nilichosema, na mnisome polepole. Nilikohoa. Nikasema, "Kiswahili kina lahaja nyingi. Kiswahili cha Kongo kina tofauti na cha kwetu. Inategemea."

Inategemea! Futa kesho! Mtoto wa darasa la kwanza Tabora angenizomea. Lakini wale Waswidi wakatikisa vichwa kwa hekima, mmoja akaandika "lahaja" kwenye daftari lake. Henrik akaniagiza nitafute kwenye kumbukumbu za ghala ufunguo ulikuwa wa nani, nilete jibu Jumatatu. Kisha akauliza, "Kuna mwenye la kuongeza?" Aliuliza mara moja. Mimi nilikuwa nasubiri, kwa upumbavu wangu, aulize tena, anibembeleze kidogo ndipo niseme. Henrik akasema "sawa" akafunga kompyuta yake.

Nabintu alinipata kwenye ujia karibu na makoti. Hakunipigia kelele. "Papa," akasema, "kwenu Tanzania, futa ni kusema nini?"

Nilijifanya natafuta skafu, na skafu ilikuwa shingoni.

Alasiri hiyo nikafungua kumbukumbu za ghala, kazi niliyotumwa. Ghala huandika kila anayekuja kuchukua kifurushi. Nikasoma: Idrisa. Idrisa. Idrisa. Hospitali za nchi nzima, asubuhi na jioni, miaka kumi na moja, zimekuwa zikibisha hodi kwa jina langu. Hakuna aliyewahi kutazama, kwa sababu mtu wa kutazama nilikuwa mimi.

Nitasema ukweli wa nilichokihisi: niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa. Miezi mitatu tu ilibaki. Nilikuwa nimeshaipiga picha kichwani ile sherehe yao ya kuagana, keki, hotuba, Henrik akisema Idrisa ndiye aliyetufundisha adabu ya funguo. Ningeweza kusema kumbukumbu za zamani zimepotea. Nani angejua? Nilifikiri hivyo, na nikalala nayo, na nikaamka nayo.

Jumamosi asubuhi nikamwambia Zuhura. Alikuwa anakanda unga wa maandazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia ndani ya bakuli.

"Mtoto wa watu kakusitiri mbele za wageni," akasema, "na wewe ukamvua nguo?"

"Sikumtaja jina."

"Umesema hajui lugha ya mama yake! Kila Jumapili unasahihisha watu Kiswahili, unawachosha, mpaka wengine wanakaa meza ya mbali. Leo futa huijui wewe?" Akarudi kukanda, kwa nguvu nilizoona zinanihusu. "Na ukinyamaza mpaka ustaafu, hapa kwangu ujitafutie pa kukaa mchana kutwa, maana sitaweza kukutazama."

Jumatatu nikapanda treni ya laini nyekundu na karatasi ya kumbukumbu imekunjwa mfukoni. Nilijiambia Henrik akiuliza tu, nitasema. Akianza yeye, mimi namalizia. Kikao kikaanza na ratiba ya likizo. Kikaendelea na viti vipya. Mwisho Henrik akasema suala la FK tutalirudia Idrisa akiwa tayari, hakuna haraka. Kisha, kwa sauti ileile ya viti, akasema amekubaliana na ofisi ya utumishi kwamba majaribio ya Nabintu hayataendelea, na watazungumza naye baada ya chakula cha mchana. Nabintu alikuwa amekaa mikono mapajani. Hakulia, hakunitazama. Watu wakaanza kukusanya vikombe.

Hakuna aliyeniuliza. Nikasimama. Kwenye vikao vya hapa hakuna mtu anayesimama, kwa hiyo wote walinigeukia wakidhani naumwa.

"Ufunguo ni wangu," nikasema. "Niliuweka mimi, siku ya kuamkia Midsommar, kwa haraka, na niliandika mimi yale maneno. Yanasema futa kesho. Tanzania yanasema futa kesho, Kongo yanasema futa kesho, Kenya na Burundi vilevile. Nabintu ameyasoma sawasawa. Kabla hajafuta alikuja kuniuliza, nami nikamwambia futa, sikumtazama hata usoni. Alhamisi nilidanganya." Nikaiweka ile karatasi mezani, Idrisa zote zimejipanga.

Halafu nikasema lile nililolielewa usiku wa kuamkia Jumatatu na likaninyima hata usingizi. "Mwezi wa sita mimi naondoka. Akaunti yangu ingefungwa siku hiyohiyo, na maabara zote zingeambiwa haipo, wiki ya Midsommar, ofisi hii ikiwa tupu. Angepokea simu nani? Nabintu amelikuta kosa hili mapema, tukiwa wote hapa, saa nne asubuhi. Ametuokoa."

Henrik akaitazama karatasi, akautazama mchoro wa ukutani na kile kisanduku chekundu, akasema "Jaha", neno ambalo kwa Kiswidi linabeba mizigo yote. Kisha yule aliyeandika "lahaja" kwenye daftari akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akasema, "Niliihamisha mimi hiyo FK, mara mbili, wikiendi nzima nzima." Wakacheka wote. Henrik naye, kidogo. Baada ya chakula cha mchana alimwita Nabintu, wakazungumza mlango umefungwa, na alipotoka alikuwa mwajiriwa. Mimi nilipewa onyo la maandishi, la kwanza maishani. Zuhura kalitia kwenye fremu.

Nilimfuata Nabintu nimwombe radhi. Alinisikiliza. "Asante," akasema. "Lakini ulichelewa siku ine." Na kuanzia hapo akawa anasema nami Kiswidi. Hej, Idrisa. Tack, Idrisa. Habari na asante, kwa adabu kamili, kazi inakwenda, hana kinyongo cha kuonekana. Papa ikaisha. Jikoni aliongea Kiswahili na fundi wa mashine ya kahawa, Mrundi mmoja, na mimi nikiingia anamalizia sentensi kwa Kiswidi. Nilistahili. Liliniuma kuliko onyo la Henrik, na sikuwa na haki ya kulalamika kwa mtu.

Siku ya mwisho ikafika, Alhamisi, siku mbili kabla ya Midsommar, jua kali nje. Kulikuwa na keki ya kijani. Henrik alitoa hotuba fupi na hakugusa habari ya adabu ya funguo, akasema tu kwamba nimeiachia kampuni neno la Kiswahili ambalo sasa kila mtu analijua. Kisha akanisogezea sinia. Wanangu, miaka yote hiyo Sweden, na kwa woga ule wa kuagana ulimi ukarudi Tabora: nikasema hapana, asante. Henrik akasema "sawa". Sinia likaenda zake. Keki yangu mwenyewe!

Nikaenda kukusanya vitu vyangu, madaftari ya mraba na kikombe. Utaratibu ni kwamba mwenye zamu humfungia akaunti anayeondoka, na mwenye zamu alikuwa Nabintu. Alikuja mezani kwangu na sahani mbili. Moja akaiweka mbele yangu, kipande kikubwa, hakuniuliza kama nakitaka. Akavuta kiti, akaketi mbele ya kibodi, akafungua ukurasa wenye jina langu na ufunguo wangu wa mwisho.

"Papa," akasema, kidole juu ya kibodi, "nifute leo, ao kesho?"

Mdomo ulikuwa umejaa keki. Nilimeza kwanza, macho yananiwasha.

"Leo," nikamwambia. "Futa leo, mwanangu."

Akafuta. Kisha tukakaa palepale tukamaliza keki.